Bunduki Haina Fungu

Sogeeni wanangu, kaeni mkekani, wote watatu, mikono muiweke pale ninapoiona. Bi Time, wewe kaa miguuni kwangu kama ulivyozoea. Ila kitandani asipande mtu mwingine, nasema asipande mtu, hata ukingoni. Dulla, zima hiyo simu. Si kuilaza kifudifudi, izime. Najua zinavyosikiliza hizo.

Sikilizeni. Kifua changu kinapiga kama injini ya boti iliyoingia maji ya chumvi, nikivuta pumzi napata robo, hizo robo tatu sijui zinakwenda wapi, na yule daktari mliyemleta alinishika mkono huku anatazama mlango, na mtu akikushika mkono huku anatazama mlango ujue ana neno hataki kulisema. Basi nalisema mie: naondoka. Mie Sabiti bin Kombo, nyie mnaniita baba na kisiwa kizima kinaniita Afande, niliyefundisha watu wa Mafia kulenga shabaha tangu nyie hamjazaliwa, niliyesimama mikutanoni mpaka koo likakauka kutetea mkulima awe na bunduki yake ya halali, leo sina neno la mikutanoni. Nina neno la humu ndani. Mmoja wenu ameniuza. Kabla sijafumba macho nataka nimjue, maana katika nyumba hii kuna bunduki, na sitaki kufa nikaiacha mkononi mwa mtu nisiyemjua, hata kama mtu huyo nimemzaa mwenyewe.

Mali kwanza, tuimalize, maana naona mnavyonikodolea macho kama paka wa mnada wa samaki. Minazi, shamba la mpunga la bondeni, nyumba hii, wale mbuzi, sigawi kitu. Mwenyezi Mungu kashagawa kabla yangu, mke na thumni yake, mtoto wa kiume na wa kike kila mmoja na lake, shekhe atakuja hapa na hesabu yake na hamtamzidi kete. Mrithi hausiwi mali, nimeyasikia hayo msikitini tangu mdogo. Kwa hiyo msinisogelee masikio mkidhani ntasema fulani chukua hiki, fulani chukua kile.

Lakini bunduki si mali, na hapo ndipo mnapopotea. Zubery, wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye unayepeleka wageni baharini kutazama papa potwe na kuongea nao kizungu, nilitaraji una akili. Nilikusikia wiki hii unamwambia mama yako pale dirishani, "Mama, wewe kwenye thumni yako chukua mbuzi, mie kwenye fungu langu nitieni ile shotgani, Dulla mpeni baiskeli." Nilikuwa nimefumba macho. Watu bwana! Mgonjwa akifumba macho mnadhani na masikio kafumba. Sasa nikwambie, na wewe Dulla usicheke, maana wewe ulimjibu, "Baiskeli kapande wewe na mkeo, chuma ni changu, mie ndo nakaa na mzee." Bunduki haina fungu. Haikatwi vipande kama samaki. Kibali kina jina langu na picha yangu, na siku roho ikitoka kibali nacho kimekufa, tunazikwa pamoja, na mtu atakayeinyanyua ile bunduki baada ya hapo, hata kwa nia ya kuisogeza ili maiti ipite, keshashika chuma cha magendo. Anafungwa. Nimewaona watu wamelia tanga huku wamefungwa pingu kwa gobole la marehemu babu yao, wakisema "lakini ni urithi wetu." Urithi gani? Ule ni mtego aliouacha marehemu bila kujua.

Na mie sitaki kuacha mtego. Ndiyo maana nataka kujua nani kati yenu anafaa kusikia neno la kweli, na nani wa kuambiwa pole na kupewa chai.

Mnisikilize vizuri, nisirudie, pumzi zangu za kuhesabu. Mimi nilishikishwa bunduki jeshini, nikaenda nayo vita vya Uganda, nikarudi nayo kichwani tu, maana yenyewe ilibaki kambini. Nilipofika hapa wakanipa kazi ya kufundisha mgambo. Risasi hakuna, bunduki hakuna, kuna vijana na jua. Nikamwendea fundi wa ngalawa akanichongea bunduki za miti, nzito kama za kweli, na kwa hizo nikafundisha watu kulala chini, kulenga, kubana pumzi, mpaka siku iliyoletwa bunduki ya kweli kila mtu akawa anaijua kama mkono wake. Na somo la kwanza halikuwa kupiga. Somo la kwanza lilikuwa hili: mtu akikukabidhi bunduki, fungua utazame ndani mwenyewe. Hata kama umemwona anatoa risasi. Hata kama ni shekhe. Hata kama ni baba yako, maana baba yako naye ni mtu. Wakasema Afande ana shaka na kila kitu, Afande akipewa uji anausikiliza kwanza. Waseme. Wanafunzi wangu wote wana vidole vyao vyote mpaka leo, wengine wana wajukuu. Shaka imeniweka mie hai na imewaweka wao salama, uaminifu ndio unaozika watu.

Mnamkumbuka Matano? Zubery wewe ulimkumbatia shingo ulipokuwa mdogo. Matano alikuwa mwenzangu, shamba lake limepakana na letu kule bondeni, na miaka ile wakaja wakubwa wakasema magobole yote yarudishwe, kisiwa hiki cha amani bunduki za nini, na watu wa amani wakayabeba magobole yao wakayarudisha. Mpunga ukaiva. Viboko hawakuhudhuria ule mkutano. Walitoka bwawani kama kawaida yao, na Matano alikuwa juu ya dungu lake, kile kilingo cha miti, anaamia mpunga usiliwe, na silaha yake ni debe la kupiga kelele na tochi ya betri mbili. Ndege anaogopa debe. Tumbili anaogopa debe. Kiboko aliyezoea debe analisikia kama nyie mnavyosikia adhana ya alfajiri, anajigeuza upande wa pili anaendelea. Matano akashuka akamwendea karibu. Tulichokizika alasiri ile sitawaeleza, mama yenu yupo hapa.

Basi tangu siku hiyo nikawa mtu wa mikutano. Popote walipoitisha, Kirongwe, Baleni, Kilindoni, mie nimesimama. Nikisema: jambazi haombi kibali, anayeomba kibali ni mkulima, sasa mkimnyima mkulima mmebaki mnamnyang'anya nani? Nikisema: kipeni kila kitongoji mtu mmoja aliyefundishwa, mchunguzeni mpaka meno, mpimeni macho na akili, kisha mumwachie bunduki yake. Mansuri jirani yetu akawa anasimama kila nikikaa. Mwaka hadi mwaka. "Leo bunduki ya kiboko," anasema, "kesho ya mke, keshokutwa ya jirani. Na jirani mwenyewe ndiye mimi." Watu wakicheka. Nami nikimjibu, "Mansuri, wewe ningekuwa nakutaka ningekupiga jiwe, risasi ina gharama." Watu wakicheka zaidi. Lakini moyoni sikucheka. Mpaka leo namshuku. Mtu haji kila mkutano kukupinga kwa mapenzi ya kupinga tu, ana lake, na mkiona anakuja kwenye matanga yangu na kilemba kikubwa kuliko cha shekhe, mpokeeni, mpeni pilau, lakini mtazame anatazama nini.

Nikapata kibali. Nilikwenda na kurudi mpaka viatu vikaisha, lakini nikakipata. Na nyie mashahidi, sikuinunua bunduki ile kwa sifa. Msimu mzima nalinda mabonde ya watu, wangu na wasio wangu, napiga hewani viboko wanarudi majini, mara chache sana, na Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori, akiwa ametoa idhini, ndipo nimempiga mmoja aliyezidi. Mnakumbuka yule wa mwisho? Wazee wakakaa chini kubishana, kiboko halali au haramu, huyu anasema ni mnyama wa maji, huyu anasema ana miguu ya nchi kavu, wakamtuma mtu akamwite shekhe aje na kitabu. Shekhe alipofika na kitabu chake kiboko alikuwa amebaki kwato. Akauliza, "Mnaniulizia nini?" Watu midomo inang'aa mafuta.

Mnacheka. Vizuri, chekeni, maana ninalolisema sasa halina kicheko.

Nilipoanza kuugua, kila mmoja wenu alikuja peke yake kuniuliza bunduki iko wapi. Peke yake! Kama ni jambo la kheri mbona hamkuja pamoja? Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Nikafanya mafunzo ya zamani ya jeshini. Kila mmoja nikampa pahali pake. Zubery, wewe nilikwambia iko juu ya dari, imefichwa kwenye makuti upande wa kibla. Dulla, wewe nilikwambia nimeizika chini ya banda la mbuzi, imefungwa nailoni. Swabaha, wewe binti yangu, nilikwambia iko jikoni juu ya uchaga, chini ya magunia ya mpunga. Wote watatu nikawaambia, siri hii ni yako peke yako, hata mama yako hajui. Na pote hapo hapana bunduki. Hapajawahi kuwa.

Mbona mmetazama chini? Niangalieni mie.

Zubery, makuti ya upande wa kibla yamefumuliwa, mvua ya juzi ilinidondokea usoni hapahapa nilipolala, na ilipokatika nikafungua macho nikaona nyota. Dulla, banda la mbuzi limechimbwa mpaka yule beberu mwenye pembe moja anashindwa kusimama sawa, na usinambie "mzee acha hizo bana, ni panya," panya wa kisiwa gani anachimba kwa jembe? Nyie wawili nimewajua. Ni wezi wa kizamani, wezi wa mchana, mwizi wa namna hiyo bado ana dawa. Sikuumia sana. Niliumia, lakini sikuumia sana.

Swabaha. Uchaga wako haujaguswa. Hata utando wa buibui upo palepale, nilimtuma mama yako akatazame nikamwambia natafuta paka. Nikasema alhamdulillahi, nimezaa mmoja. Wewe ndiye niliyekufundisha na ile bunduki ya mti ulipokuwa umeng'oka meno mawili ya mbele, wewe ndiye uliyekuja kulenga nazi kavu kwenye uzio kwa bunduki ya kweli na hukukosa, kaka zako wakalia. Nikasema huyu ndiye.

Halafu juzi akaja yule mgeni.

Mlimpokea wenyewe. Kijana, kanzu imepigwa pasi, akasema yeye mvuvi wa dago la Bwejuu, ile kambi ya wavuvi, amesikia Afande hajiwezi, amekuja kunijulia hali. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Mvuvi! Mvuvi wa dago vifundo vya miguu vyeupe vimebanwa na soksi? Mvuvi gani analala ufukweni miezi na kucha zake safi kama za bi harusi? Nikamuuliza kule dago mnavua nini msimu huu, akanambia samaki. Samaki! Asante sana. Askari huyu, nikajisemea, askari kanzu, namjua kwa mgongo wake, hawezi kuukunja hata akikaa. Lakini si hilo lililonikata maini. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na yule kijana badala ya kutazama mgonjwa alinyanyua macho yake, taratibu, akayapeleka juu ya uchaga. Juu ya magunia. Akayaweka pale. Hakutazama dari. Hakutazama banda la mbuzi. Uchaga, mahali palipojulikana na watu wawili duniani, mie na Swabaha.

Na leo karudi. Yupo barazani hapo nje sasa hivi, msidhani sijui, nimemsikia akikohoa tangu nilipoanza.

Basi mwanangu, nimemaliza mzunguko, nimefika kwako. Hawa kaka zako walitafuta wenyewe. Wewe ulileta mtu. Mimi niliyesimama maisha yangu yote kusema bunduki ya mkulima isichukuliwe, mwanangu mwenyewe kaniletea mchukuaji, tena nikiwa kitandani sina hata nguvu ya kukaa. Nani kakutuma? Mansuri? Sema. Wenzako wanakusikiliza. Sema.

Sauti, mwanangu, sikio hili la kulia lilibaki vitani. Mmesikia? Anasema, "Ni mie baba, nilimfuata mie kituoni Kilindoni, hakunituma mtu." Anasema huyo nje anaitwa Sadick. Anasema alimwomba aje kwa upole, asije na gari mpaka mlangoni wala pingu, asinifedheheshe mbele ya watu. Endelea. Kwa nini?

Dulla, mwache aseme. Zubery, kaa chini! Nimesema kaa.

Endelea mama.

Hee.

Bi Time, umesikia hili? Ulilijua? Anasema alikuwa anaanua mpunga nyuma ya nyumba, adhuhuri, mie nimelala. Anasema hawa wawili walikutana bandani kwa mbuzi. Dulla ana jembe, Zubery ana panga. Wanagombea lile bonde, Zubery anataka liuzwe, Dulla anataka alime matikiti. Anasema Dulla alisema, "Mzee akifa, atakayeanza kuishika ile chuma ndiye mwenye bonde." Na Zubery akajibu, "Basi hutafika nayo bondeni, ntakuwahi mlangoni."

Mlisema hivyo?

Nimeuliza, mlisema hivyo?

Haya. Nimeshaelewa.

Bonde lile lile la Matano. Mtu nimeiombea bunduki miaka yote ili asife tena mtu bondeni, kumbe humu ndani kuna watu wanaingoja maiti yangu ipoe waingie nayo bondeni wao kwa wao. Ng'ombe wa mtu akimpiga mwenzie pembe tunasema mnyama. Nyie niwaiteje?

Na wewe Swabaha, hayo yote unayaona, mbona hukunambia mimi? Baba yako nipo hapa, nina masikio, hata kama moja. Mbona umekwenda kwa mtu wa mbali?

Sema tena hilo. Sema wote walisikie, na huyo Sadick wako nje alisikie.

Anasema, "Ningekwambia wewe, baba, ungesema nimetumwa na Mzee Mansuri."

...

Nipeni maji. Kidogo. Onja kwanza, Bi Time. Haya.

Kweli ningesema. Na si ningesema, nimesema, dakika hii hii, nyote mashahidi. Na sikufichi mwanangu, hapa nilipo nusu yangu inakuamini na nusu nyingine bado inakutazama miguu kama nilivyomtazama yule mgeni. Ndivyo nilivyoumbwa, na saa za kuumbwa upya zimenipita. Lakini nusu inayokuamini leo ndiyo yenye pumzi, kwa hiyo tufanye haraka.

Ninyanyueni. Zubery bega hili, Dulla hili. Taratibu, taratibu, mbavu hizo. Sasa Swabaha, nyanyua godoro. Chini yake, hapo kwenye kamba. Imefungwa kanga ya mama yako. Mnashangaa nini? Mlidhani nakataa kwenda hospitali kwa ubishi? Ningeondoka hapa nani angelala juu yake? Nimeilalia ugonjwa mzima. Bi Time, unacheka nini? Anasema alijua tangu siku ya kwanza, alipokuwa ananigeuza kitako cha bunduki kilimgusa mkono, akadhani nimekonda mpaka mifupa imekuwa ya chuma. Ulijua na ukanyamaza! Wewe sikukuambia si kwa kukushuku. Ni kwa kukushuku kidogo tu.

Fungua kanga. Vunja shingo yake, tazama ndani. Tia na kidole. Haina kitu? Sawa. Iache wazi hivyohivyo, mtutu chini.

Mwite Sadick. Mwite kwa jina lake, aingie, na aje na mwendo wake wa askari, kanzu atuondolee. Karibu baba. Kaa. Hapana, wewe simama, wewe ni wa serikali. Sikiliza, mbele ya wanangu. Bunduki hii naitoa mimi, Sabiti, mwenye kibali, ningali hai, kwa mkono wangu. Haikukamatwa. Haikusalimishwa kwa aibu. Ukifika kituoni useme hivyo, useme aliileta mwenyewe kwa mkono wa binti yake. Na usiifunge guniani kama kitu cha wizi. Itoke na kanga hii, na Swabaha atembee na wewe mpaka kwenye gari, mchana huu, njia kubwa, mpite mbele ya nyumba ya Mansuri. Mpite polepole.

Na usidhani umeshinda, kijana. Serikali ikichukua bunduki ya bonde lile, ilete mtu wa kukesha bondeni. Hilo neno langu la mikutanoni liko palepale, sijalirudisha. Nalikabidhi. Swabaha, mali sikuusii, lakini huu ugomvi nakuusia wewe. Kaombe kibali chako, kwa jina lako, kwa picha yako. Watakuuliza mwanamke na bunduki wapi na wapi. Waulize, kiboko huwa anauliza kwanza? Watakuzungusha. Zunguka nao. Na ukikipata, bunduki hiyo isiingie humu ndani mpaka hawa wawili wamepatana, tena si kupatana kwa kupeana mikono mbele ya shekhe, nawajua. Mie nawapa njia yake.

Zubery. Dulla. Hamna bunduki. Mpunga umeanza kutoa masuke. Mtajenga dungu moja. Moja, nasema, si mawili, pale pale mpakani na shamba la Matano. Mtapanda nyote wawili, na debe, na tochi, msimu mzima, wewe Zubery wageni wako na papa wao wasubiri, na wewe Dulla pikipiki yako ilale. Mmoja akipiga debe, mwingine amulike. Kule juu hakuna wa kumwahi mwenzie mlangoni. Mtu akisikia maji yanachuruzika gizani na kishindo kinakuja, kitu cha kwanza anachokitafuta ni mkono wa aliye karibu naye, hamtauliza huyu ni wa fungu gani. Mvune pamoja. Baada ya hapo, liuzeni mkitaka. Sidhani kama mtataka. Lakini kabla ya kuvuna, atakayeuza hata jaruba moja, radhi... atakosa radhi yangu. Nimesema kwa pumzi hizi.

Nilazeni sasa. Kitanda kimekuwa laini. Ajabu. Nilikuwa nimesahau.

Mama yenu msimwache alale peke yake. Kaburi langu, pembeni ya Matano, wazee wanapajua. Jiwe moja tu. Kama kuna niliyemkosea kwa ulimi, nao ni wengi, mwombeni anisamehe, na Mansuri... mwambieni Mansuri aje. Simwamini, lakini aje.

Swabaha, nenda. Gari linangoja. Usigeuke nyuma. Mungu akupe macho ya kuona mbali na mkono usiotetema. Nenda mama.

Nyie wawili... Mola awalinde. Awalinde na mnyama na awalinde na nyie wenyewe. Radhi zangu mnazo. Wote. Mnazo... nusu sasa, nusu mkivuna.

Nani huyo kaweka mkono nyuma ya mgongo? Zubery? Umeshika nini? Lete nione.

Msahafu.

Basi soma. Yasini... Soma, baba. Kwa sauti. Nikusikie kama unasoma kweli.